Jinsi ya kupima kama dai la hataza juu ya silikoni ya kuzibia ni dhahiri

Hataza ni haki ya kipekee juu ya uvumbuzi, na dai ni maneno yanayotaja kile hasa mwombaji anachotaka kilindwe; kilichokuwa dhahiri kwa mtaalamu wa fani hakipewi hataza. Ukiletewa dai la hataza juu ya silikoni ya kuzibia, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba viambato vyote unavifahamu. Kuna polima, kuna kiunganishi kinachozifunga nyuzi za polima pamoja, kuna kijazio, kuna kichocheo, na kuna kiambato kidogo cha kusaidia mchanganyiko ushike kwenye chuma au kioo. Fundi wa magari anayepaka gasketi ya mrija na fundi wa madirisha anayeziba kioo wanatumia vitu vya ukoo mmoja. Ndiyo maana ni rahisi kusema, "Hili ni dhahiri, kila kitu kilikuwapo." Mwombaji naye atajibu, "Hakuna aliyewahi kuvichanganya kwa vipimo hivi." Kauli zote mbili zinaweza kuwa za kweli, na hakuna hata moja inayojibu swali.

Swali lenyewe ni hili: kabla maombi hayajawasilishwa, mtaalamu wa kawaida wa fani hii alikuwa na sababu gani ya kufanya kilichoandikwa kwenye dai, na alikuwa na msingi gani wa kutarajia kwamba kitafaulu? Nitaonyesha njia ya kulijibu kwa mfano mmoja. Dai na maandiko yaliyomo nimeyatunga kwa ajili ya somo, lakini kemia yake ni ile inayofanya kazi kiwandani kila siku.

Dai la 1. Mchanganyiko wa silikoni wa sehemu moja (uliochanganywa tayari mrijani), unaoganda kwa unyevu wa hewa, kwa ajili ya kuzibia maungio ya injini, wenye: polidimethilisiloksani yenye ncha za haidroksili, sehemu 100 kwa uzito, silane yenye makundi ya oksimi, sehemu 4 hadi 8, silika laini, sehemu 5 hadi 12, oksidi ya magnesi, sehemu 10 hadi 40, aminosilane, sehemu 0.5 hadi 2, na kichocheo cha bati.

Hatua ya 1: Andika tarehe juu ya karatasi

Tafuta tarehe ya kipaumbele, yaani siku maombi ya kwanza kabisa yalipowasilishwa, na uiandike mahali utakapoiona muda wote. Kwa kawaida kilichochapishwa baada ya siku hiyo hakiwezi kutumika kuonyesha kwamba jambo lilikuwa dhahiri, hata kama kimeandikwa na gwiji wa fani.

Angalia pia maombi ya watu wengine yaliyowasilishwa kabla ya tarehe yako lakini yakachapishwa baadaye. Hali hii ni ya kawaida, kwa kuwa maombi hukaa miezi 18 bila kuchapishwa. Ulaya andiko la namna hiyo hutumika kupima upya wa uvumbuzi tu. Marekani hutumika kupima udhahiri pia. Usipoitenganisha mifumo hii miwili mapema, utajenga hoja nzuri juu ya andiko lisilohesabika.

Kuna nidhamu moja ninayoisisitiza sana: soma dai, halafu funga maelezo ya uvumbuzi. Usisome kwanza ile sehemu ya faida. Mwombaji ameandika hadithi inayoelekea kwenye jibu lake, na ukishaijua hadithi hiyo, kila andiko la zamani litaonekana kuelekeza hukohuko. Hukumu ya aliyekwisha kuona jibu ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii, na hatua nyingi zinazofuata zipo kwa ajili ya kuizuia.

Hatua ya 2: Livunje dai, na kila kipande ukipe kazi yake

Andika kila kiambato kwenye mstari wake, kisha mbele yake andika kinafanya nini. Polima ndiyo mwili wa mpira. Silane ya oksimi ndiyo kiunganishi: ikikutana na unyevu wa hewa hufungana na ncha za polima na kuachia oksimi. Ingekuwa ya asetoksi ingeachia asidi ya siki, ile harufu kali unayoisikia ukifungua mrija wa silikoni ya bafuni, na ingekula shaba. Ingekuwa ya methoksi ingeachia methanoli. Silika laini huipa mpira nguvu na kuuzuia uji usitiririke ukipakwa ukutani. Bati huharakisha kuganda, na aminosilane hushika chuma. Oksidi ya magnesi iache wazi kwa sasa, kwa kuwa hapo ndipo penye mjadala.

Kisha soma maneno madogo. "Wenye" huacha mlango wazi: mchanganyiko wenye viambato hivyo pamoja na vingine kumi bado uko ndani ya dai. "Wenye viambato hivi tu" hufunga mlango. Na "kwa ajili ya kuzibia maungio ya injini", katika dai la bidhaa, kwa kawaida humaanisha tu kwamba mchanganyiko unafaa kwa kazi hiyo. Maneno ya matumizi hayamwokoi mwombaji ikiwa mchanganyiko uleule ulikwishatumika kuziba madirisha na ungeweza kufanya kazi kwenye injini bila kubadilishwa.

Hatua ya 3: Mjue mtaalamu wako

Kifungu cha 103 cha sheria ya hataza ya Marekani na Kifungu cha 56 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya vyote vinamtaja mtu huyu wa kufikirika. Mpe sura. Katika mfano wetu ni mkemia anayetunga michanganyiko ya silikoni, mwenye miaka kadhaa maabara, na anayezungumza na wahandisi wa injini. Anasoma maandiko yote ya fani yake, ila hana kipaji cha kuvumbua. Hata hivyo si mjinga. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex ya mwaka 2007 iliyohusu pedali ya gari, ilisema wazi kwamba mtu huyu ana ubunifu wa kawaida na hafanyi kazi kama mashine.

Andika kwenye karatasi mambo anayoyajua bila kufungua kitabu. Anajua kwamba kijazio chenye maji huanza kuigandisha silikoni ya sehemu moja ndani ya mrija, kwa hiyo kijazio hukaushwa. Anajua kwamba kalsiamu kaboneti haipatani na mfumo wa asetoksi, kwa sababu asidi huila kaboneti na kutoa gesi. Anajua kwamba kichocheo cha platini, kinachotumika kwenye silikoni ya aina nyingine kabisa, hulemazwa na salfa, na amini na misombo ya bati. Orodha hii itakuokoa mara mbili: itakuzuia kumpa mtaalamu akili asiyokuwa nayo, na itakuzuia kumnyima aliyokuwa nayo.

Hatua ya 4: Chagua pa kuanzia

Tuseme upekuzi umetoa maandiko matatu.

Andiko A ni silikoni ya oksimi ya kuzibia injini. Lina polima, silane, silika, aminosilane na bati katika vipimo vilevile vya dai, na kijazio chake ni kalsiamu kaboneti, sehemu 40. Linakiri kwamba baada ya kukaa muda mrefu kwenye oili ya moto, mpira huanza kuachia chuma.

Andiko B ni silikoni ya methoksi, pia ya injini, yenye oksidi ya magnesi sehemu 5 hadi 20. Linaeleza kwamba oili ikitumika huzaa asidi, asidi hukata mnyororo wa siloksani, yaani uti wa polima ya silikoni, na oksidi ya magnesi huizima asidi hiyo. Linashauri oksidi iliyo hai, yaani inayomenyuka upesi, yenye eneo kubwa la uso.

Andiko C linaonya kwamba oksidi ya magnesi huvuta unyevu, na kwamba mirija yenye oksidi hiyo ilikuwa migumu baada ya miezi michache.

Anza na A, kwa kuwa lina lengo lilelile na linashiriki viambato vingi. Wapo wanaohesabu viambato tu, wakaishia kwenye silikoni ya bafuni iliyotungwa kuzuia ukungu. Fomula inaweza kufanana sana, lakini aliyeketi nayo mezani hakuwa akifikiria oili hata kidogo, na safari kutoka hapo hadi kwenye dai ni ndefu kuliko inavyoonekana.

Hatua ya 5: Taja tofauti, kisha tatizo

Tofauti kati ya A na dai ni moja: A lina kalsiamu kaboneti mahali pa oksidi ya magnesi. Sasa fungua maelezo ya uvumbuzi na utafute tofauti hiyo inaleta nini. Maelezo yanasema mshiko kwenye alumini unadumu zaidi baada ya kuzamishwa kwenye oili ya moto, na yanatoa vipimo. Basi tatizo ni: jinsi ya kuifanya silikoni ya A isiachie chuma kwenye oili ya moto.

Tatizo lisibebe jibu ndani yake. Ukiandika "jinsi ya kutumia kijazio chenye asili ya besi, kinyume cha asidi, ili kuzima asidi ya oili", umemwongoza mtaalamu nusu ya njia kwa mkono. Na kama maelezo hayaonyeshi faida yoyote ya kuaminika, tatizo linashuka hadhi na kuwa "kupata mchanganyiko mwingine unaofanya kazi". Hapo karibu badiliko lolote linalojulikana litakuwa dhahiri.

Hatua ya 6: Tafuta sababu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usikimbie.

Mwaka 1984 Bodi ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa uamuzi T 2/83. Ulihusu kidonge chenye simethikoni, ambayo nayo ni silikoni, pamoja na dawa ya kupunguza asidi tumboni. Vitu hivyo viwili vikigusana, dawa ya asidi huifyonza simethikoni na kuipunguzia nguvu. Mwombaji aliweka kizuizi katikati ya tabaka hizo mbili. Je, mtaalamu angeweza kuweka kizuizi? Bila shaka, mikono anayo na vifaa anavyo. Bodi ikasema swali si kama angeweza, ila kama angefanya hivyo, kwa kutarajia nafuu fulani. Tofauti kati ya "angeweza" na "angefanya" ndiyo mizani ya kazi hii nzima. Katika silikoni kila kitu kinaweza kuchanganywa na kila kitu, kwa hiyo "angeweza" haina uzito wowote.

Tuiweke mizani kwenye mfano wetu. Mkemia ana A, na mpira unaachia chuma. Atasoma B kwa kuwa inahusu injini ileile na oili ileile. B inampa sababu kwa maneno: asidi inakata mnyororo, oksidi ya magnesi inaizima. Lakini B ni ya methoksi na A ni ya oksimi. Je, hilo linavunja daraja?

Usijibu kwa kuangalia majina. Angalia utaratibu wenyewe. Asidi ya oili inashambulia mnyororo wa siloksani, na mnyororo huo ni uleule katika mifumo yote miwili baada ya kuganda. Makundi ya methoksi au oksimi yamekwisha kuondoka kwa sehemu kubwa mpira unapoanza kazi. Kwa hiyo mkemia ana msingi mzuri wa kutarajia kwamba kilichosaidia kule kitasaidia huku. Daraja linasimama.

Linganisha na hali nyingine. Tuseme dai lingekuwa juu ya silikoni inayogandishwa na platini, na mkaguzi anasema mtaalamu angechukua aminosilane kutoka Andiko A ili kuongeza mshiko. Hapo ningepinga kwa nguvu. Amini huilemaza platini, na mkemia anajua hivyo. Angetarajia uji usiogande, au unaoganda nusu nusu na kubaki unanata. Kama mwombaji amepata njia ya kuviweka pamoja na bado mpira ukaganda vizuri, huo ni uvumbuzi unaostahili kuangaliwa kwa heshima. Maandiko ni yaleyale na viambato ni vilevile. Jibu limegeuka kwa sababu utaratibu umegeuka.

Bado tuna Andiko C na onyo lake. Mwombaji atalishika kwa mikono miwili na kusema fani ilikuwa inawafukuza watu kutoka kwenye oksidi ya magnesi. Lipime. Onyo linahusu unyevu, na mkemia anajua dawa ya unyevu: kausha kijazio. Shida yenye dawa inayojulikana haimfukuzi mtu, humfanya achukue tahadhari tu. Kufukuzwa kwa kweli kulikuwa katika kesi ya Adams iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1966, juu ya betri ya magnesi na kloridi ya shaba inayoamshwa kwa maji. Fani iliona matatizo ya betri za namna hiyo kuwa ya kukatisha tamaa, wataalamu walioonyeshwa hawakuamini, na betri ikafanya kazi.

Kama usingekuwa na B, ungeuliza kama oksidi ya magnesi ilikuwa "dhahiri kujaribiwa". KSR inakubali hoja hiyo pale tu ambapo kulikuwa na haja inayojulikana na idadi ndogo ya suluhisho zilizotambuliwa, zenye matokeo yanayotabirika. Besi tatu au nne zilizokwisha kutajwa kwa kazi hiyo ni idadi ndogo. "Kijazio chochote cha madini" si idadi ndogo.

Hatua ya 7: Vipimo

B inasema sehemu 5 hadi 20, dai linasema 10 hadi 40. Viwango vinapandana. Marekani, tangu kesi ya Aller ya mwaka 1955, kutafuta kiwango bora kwa majaribio ya kawaida hakuhesabiwi kuwa uvumbuzi. Kesi ya Peterson ya mwaka 2003 ikathibitisha kwamba viwango vinavyopandana hutosha kuanzisha dhana ya udhahiri. Mzigo unahamia kwa mwombaji: aonyeshe kwamba ndani ya kiwango chake kuna jambo ambalo fani isingelitarajia.

Hatua ya 8: Soma jedwali la majaribio kwa jicho kali

Jedwali la mwombaji lina safu mbili. Ya kwanza ni uvumbuzi wenye oksidi sehemu 25. Ya pili ni ulinganisho usio na kijazio cha besi kabisa. Mshiko baada ya kuzamishwa kwenye oili ni mzuri kwenye ya kwanza, na ya pili imebanduka. Tofauti inavutia, lakini haikusaidii.

Ulinganisho unapaswa kuwa na Andiko A, lenye kalsiamu kaboneti sehemu 40, na kila kitu kingine kibaki palepale: polima ileile, mnato uleule, siku zilezile za kuganda, oili ileile kwa joto lilelile. Kalsiamu kaboneti nayo ni besi. Huenda nusu ya faida iliyoonyeshwa ingepatikana kwa A yenyewe.

Kisha tazama upana. Dai linakwenda hadi 40 na jaribio ni moja, la 25. Mpira wenye sehemu 40 za oksidi juu ya silika unaweza kuwa mgumu na kurefuka kidogo kabla ya kukatika, na bakuli la oili la chini na bloki ya injini vinapanuka kwa viwango tofauti kwenye joto. Faida isiyoaminika katika upana wote wa dai haiwezi kulibeba dai lote. Ulaya jambo hili limekuwa wazi tangu uamuzi T 939/92 wa Bodi ya Rufaa.

Mwombaji akileta majaribio mapya baadaye, yapokee na uyasome. Huko Ulaya, uamuzi G 2/21 wa mwaka 2023 unayaruhusu, mradi faida inayodaiwa iwe ile ambayo mtaalamu angeweza kuitoa kwenye maombi yalivyowasilishwa mwanzoni. Faida iliyobuniwa miaka miwili baadaye, isiyokuwa na mzizi kwenye maombi, haiingii.

Hatua ya 9: Ishara za nje

Kesi ya Marekani ya Graham dhidi ya John Deere, ya mwaka 1966 pia, inaruhusu kutazama mauzo, haja iliyokaa muda mrefu bila jibu, na kushindwa kwa wengine. Zipime mwishoni, na udai uthibitisho kwamba zinatokana na kilichomo kwenye dai. Silikoni inayouzwa sana kwa sababu mrija wake una ncha nzuri haijathibitisha chochote juu ya oksidi ya magnesi.

Hatua ya 10: Andika uamuzi, dai kwa dai

Dai la 1, kwa ushahidi huu, ni dhahiri. A ndilo la kuanzia, B inatoa sababu na matarajio, C haimzuii mtaalamu, viwango vinapandana, na ulinganisho haukufanywa na A.

Usiishie hapo. Dai la 4 linasema oksidi ya magnesi iwe imechomwa kwa joto kali hadi ikapoteza uhai wake, na iwe na eneo dogo la uso. Rudi kwenye karatasi. B inashauri kinyume chake, oksidi hai yenye eneo kubwa, kwa kuwa ndiyo inayozima asidi upesi. Mkemia aliyesikia onyo la C angejua kwamba oksidi iliyochomwa sana haivuti unyevu kwa urahisi, lakini angetarajia kulipia: mrija utadumu, mshiko kwenye oili utapungua. Maelezo ya maombi yanaonyesha mrija uliobaki laini kwa miezi 12 na mshiko ambao haukupungua.

Kwa dai hilo ningemwandikia mwombaji hivi: fanya jaribio la tatu lenye oksidi hai kwa sehemu zilezile 25, katika mfumo uleule wa oksimi, na la nne lenye oksidi iliyochomwa karibu na kila ncha ya kiwango unachotaka kukibakiza. Kama mshiko utabaki sawa katika yote, dai la 4 lina hatua ya uvumbuzi, yaani si dhahiri, na kiwango chake kikomee pale jedwali linapokomea.